Deni la zamani, simu mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakusanya madeni Mombasa

Simu huja saa tatu asubuhi, namba usiyoijua. Sauti inakutaja majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha inakwambia una deni la mwaka 2012. Maswali haya ndiyo watu wa hapa Mombasa huuliza baada ya simu kama hiyo: majirani, jamaa, wanawake wa chama, vijana wa bodaboda. Majibu yanafuata sheria ya Kenya. Kama tayari umeletewa karatasi za mahakama, ruka moja kwa moja hadi swali la 13, kwa sababu hilo halingoji.

## Mambo ya msingi

1. Deni la zamani hufa?

Halifi. Kinachokufa ni haki ya mdai kwenda mahakamani. Sheria ya ukomo wa kushtaki, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inasema kesi inayotokana na mkataba haiwezi kufunguliwa baada ya miaka 6 tangu haki ya kushtaki ilipoanza. Mkopo wa benki usio na rehani ya ardhi, mkopo wa simu, friji uliyochukua kwa malipo ya polepole, pesa ulizopewa na rafiki kwa ahadi ya kurudisha: yote hayo ni mikataba.

Miaka hiyo ikishapita, mdai anaweza kukukumbusha kwa adabu, na wewe unaweza kulipa ukitaka. Ila fimbo ya mahakama hana tena. Wapigaji simu hawakwambii hivyo, na ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hutetemeka kwa deni ambalo hakuna hakimu angelisikiliza. Kulipa au kutolipa deni la namna hiyo ni uamuzi wako, na uufanye ukiwa umetulia na karatasi ziko mkononi. Usiufanye kwa sababu mtu amekufokea.

2. Hiyo miaka 6 huhesabiwa kuanzia lini?

Si tangu siku uliyokopa. Ni tangu siku ulipokosa kulipa kile ulichotakiwa kulipa, au tangu malipo yako ya mwisho, yoyote yaliyo karibu zaidi na leo. Mtu aliyekopa Januari 2014, akalipa mpaka Machi 2016 kisha akasimama, hesabu yake haianzi 2014.

Kwa hiyo tarehe ya malipo ya mwisho ndiyo kila kitu. Itafute kwenye risiti, kwenye stetmenti ya benki, kwenye ujumbe wa M-Pesa. Usichukue tarehe ya mpigaji simu, na usiitaje yako kwa kukisia.

3. Ni mambo gani yanayoanzisha hesabu upya?

Mawili. La kwanza ni kulipa chochote juu ya deni lile, hata kiasi kidogo. La pili ni kulikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, wewe mwenyewe au mtu uliyemtuma. Ukifanya moja kati ya hayo, sheria inahesabu kana kwamba haki ya kukushtaki imezaliwa siku hiyo, na mdai anapata miaka 6 mipya.

Kulikiri kwa mdomo kwenye simu hakutoshi, kwa sababu sheria inataka maandishi na sahihi. Hata hivyo usijiachie. Baruapepe yenye jina lako chini, au ujumbe wa WhatsApp unaosema "ni kweli nadaiwa, nitalipa mwisho wa mwezi", ni kitu ambacho wakili wa upande wa pili atakiweka mbele ya hakimu na kukipigania. Kwa nini umpe?

Watu huniuliza: je, kama miaka 6 imeshaisha, malipo madogo yanaweza kulifufua deni? Mawakili wanaweza kubishana juu ya hilo asubuhi mpaka jioni. Wewe usikubali kuwa ndiye kesi wanayobishania. Kabla hujajua tarehe zako, usilipe hata shilingi 50.

4. Deni limeuzwa kwa kampuni nyingine, nimeandikiwa barua ya wakili, nimewekwa CRB (kampuni zinazoweka rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo). Hesabu inaanza upya?

Hapana, kwa yote matatu. Barua ya kudai ni barua tu, hata ikiwa na muhuri mwekundu. Aliyenunua deni amelinunua pamoja na umri wake. Kuorodheshwa CRB ni jambo lenye saa yake nyingine (tazama swali la 12).

## Simu na ujumbe

5. Nimepigiwa sasa hivi. Nijibu nini?

Sema kidogo. Usithibitishe namba ya kitambulisho, mahali unapofanya kazi, wala jina la mama. Usiseme "ndiyo, ni langu" na usiseme "si langu" kama hujui. Uliza jina la anayepiga, kampuni yake na anadai kwa niaba ya nani, kisha mwambie aandike. Mtu mwenye kazi halali haogopi kuandika.

Baadaye mtumie ujumbe kama huu, uuhifadhi:

"Habari. Nimepokea simu yako leo. Sikubali wala sithibitishi deni lolote. Nitumie kwa maandishi: jina la aliyekopesha, mkataba wenye sahihi yangu, tarehe ya malipo ya mwisho, hesabu kamili ya deni na riba, na barua inayoonyesha umepewa kazi ya kulidai. Mpaka nizipate, tuwasiliane kwa maandishi tu."

Kisha chukua daftari la shule, la shilingi chache, uandike tarehe, saa, namba na maneno yaliyosemwa. Ukifika kulalamika (swali la 8), daftari hilo lina uzito kuliko machozi.

6. Anasema nitume mia tano tu "kuonyesha nia njema". Kuna ubaya?

Ubaya upo, na ni mkubwa. Nauona kila ninapomkumbuka mama yangu.

Mwaka 2010 alichukua friji kwa malipo ya polepole, dukani mjini. Mwaka 2022, friji yenyewe ikiwa imeshauzwa kwa fundi wa vyuma, akapigiwa simu. Kijana alianza na "shikamoo mama", akauliza hali ya magoti yake, akamwambia faili lake liko mezani na anataka alifunge leo ili mama apumzike. Atume mia tano tu. Nilimkuta barazani, simu mkononi, namba ameshaiandika, kiasi ameshakiandika, imebaki kuweka namba ya siri. Alikuwa amefurahi. Alidhani amepata mtu mwenye huruma.

Tulikwenda chumbani, tukalitoa kopo la biskuti ambalo huweka karatasi zake. Risiti ya mwisho ilikuwa ya Agosti 2011, imekunjwa mara nne, wino umepauka lakini tarehe inasomeka. Miaka 11. Ile mia tano isingefunga faili lolote. Ingempa mtu yule sababu ya kulifungua upya, kama nilivyoeleza swali la 3. Tulituma ujumbe wa swali la 5. Karatasi tulizoomba hatujaziona mpaka leo.

Ukiombwa kiasi kidogo kwa deni kubwa la zamani, jiulize mia tano inamsaidia nini mtu anayesema anakudai laki moja na nusu.

7. Nitajuaje kama ni mkusanya madeni wa kweli au ni tapeli?

Tapeli ana haraka na ana namba yake binafsi ya kupokea pesa. Mkusanya wa kweli anaweza kukuonyesha barua ya aliyempa kazi, na malipo huenda kwa aliyekopesha, kwa namba ya Paybill au akaunti yenye jina la taasisi. Usipige namba aliyokupa yeye. Nenda tawini kwa miguu, au piga namba iliyo kwenye tovuti ya benki, uulize kama deni hilo lipo na nani amepewa.

Kwa mikopo ya simu, Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya watoa mikopo ya kidijitali wenye leseni. Jina lisipokuwemo, hilo pekee linatosha kukufanya usimame.

8. Wamempigia bosi wangu, mashemeji na watu wote walio kwenye simu yangu. Ni halali?

Si halali. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinawakataza, wao na wanaowatuma, kutumia vitisho, matusi, kuwapigia au kuwaandikia watu walio kwenye orodha ya mawasiliano ya mkopaji, na mbinu nyingine zozote za kumnyanyasa au kumuaibisha. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua nani ana habari zako, amezipata wapi na anazitumia kwa kazi gani. Shemeji yako ambaye hajawahi kukopa naye ana haki hizo hizo, na anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe.

Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kwa mujibu wa sheria hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Si ofisi ya mapambo: mwaka 2023 ilimtoza mtoa mikopo mmoja wa kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Peleka picha za ujumbe kama ulivyoingia, namba ikionekana, na lile daftari.

Akitishia kukuua au kukudhuru, hilo si la ofisi ya data. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, andikisha, na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Aibu ndiyo silaha yao kubwa huku kwetu, ambako mtaa mzima unajuana. Nimeona mtu wa Kisauni akiacha kwenda harusini kwa sababu ya ujumbe uliotumwa kwa binamu zake. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwahi: waambie watu wako wa karibu mapema kwamba kuna watu wanasumbua kwa deni la zamani, wasijibu chochote, wakupe picha ya ujumbe. Silaha hiyo ikitangulia kujulikana, makali yake yanaisha.

9. Wanasema polisi wanakuja kunikamata. Kweli?

Kushindwa kulipa mkopo si kosa la jinai, na mkusanya madeni hana uwezo wa kutoa amri ya kukamatwa kwako. Anayejifanya askari au ofisa wa upelelezi ndiye anayetenda kosa. Tofauti ipo pale ambapo tangu mwanzo kulikuwa na udanganyifu, au ulitoa hundi ukijua akaunti haina pesa. Hayo yana vifungu vyake katika sheria ya jinai.

Kuna kifungo cha madai, ndiyo, lakini njia yake ni ndefu. Lazima kwanza kuwe na kesi na hukumu. Kisha uitwe mahakamani ueleze kwa nini usifungwe. Kisha hakimu aridhike kwamba uwezo unao na unakataa, au unaficha mali, au unataka kutoroka. Kifungo chenyewe hakizidi miezi 6, na gharama za chakula chako huko ndani hutangulizwa na mdai mwenyewe, jambo linalowafanya wengi wafikirie mara mbili. Mtu asiye na kitu anayefika mahakamani na kueleza hali yake kwa ukweli hatakiwi kufungwa kwa sababu ya umaskini wake. Anayejitia hatarini ni yule anayepuuza wito.

## Kiasi kinachodaiwa

10. Nilikopa benki 40,000. Leo wanasema 260,000. Inawezekana?

Kwa benki, hapana, isipokuwa kuna jambo ambalo hujaonyeshwa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaweka mpaka: mkopo ukishaacha kulipwa, riba haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ile. Kama siku uliposimama ulikuwa umebakisha 40,000, riba mwisho wake ni 40,000 nyingine. Jumla 80,000, pamoja na gharama halisi za kulikusanya deni. Gharama hizo nazo waonyeshe. Zisiwe namba ya kutungwa. Riba inayoamriwa na mahakama baada ya hukumu ni hesabu nyingine.

Omba stetmenti tangu siku ya kwanza, si ukurasa wa mwisho tu. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapobadilika sauti.

11. Nataka kulipa, hata kama muda umepita. Nianzie wapi?

Usianze na pesa. Anza na mapatano yaliyoandikwa: kiasi ni hiki, kikilipwa deni limekwisha lote, hakuna salio litakalouzwa kwa mwingine, na CRB itaarifiwa. Kwa deni la zamani sana wadai wengi hukubali kupunguza, kwa hiyo usitaje kiasi kikubwa kwanza. Taja kile ambacho unacho kweli, cha kulipa kwa mkupuo mmoja. Malipo ya kidogo kidogo kwa deni lililopitwa na muda ni hatari: ukikwama mwezi wa tatu umebaki na deni lenye umri mpya.

Pata barua ya mapatano kwanza, lipa kwa aliyekopesha moja kwa moja, kisha udai barua ya kumaliza deni. Zote mbili ziingie kwenye kopo lako la biskuti na zisitoke.

## CRB

12. Nitajuaje kama niko CRB, na je, deni la zamani hufutika huko?

Kenya ina kampuni 3 zenye leseni ya kazi hiyo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bure kwa mwaka. Ichukue kwa zote tatu, kwa sababu mara nyingine moja ina kosa ambalo nyingine hazina. Kwa kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 haliorodheshwi, na mkopeshaji anatakiwa kukupa ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako.

Ukilipa, rekodi haifutiki siku hiyo hiyo. Hubaki ikionyesha kwamba lililipwa. Na kupitwa na muda mahakamani hakuifuti rekodi. Ukiona kosa, liandikie kampuni ya CRB yenyewe, nao wanatakiwa kulichunguza na aliyelipeleka. Usimlipe mtu wa pembeni anayesema ana jamaa ndani atakusafishia jina.

## Mahakama na dalali

13. Nimeletewa karatasi za mahakama kwa deni ambalo naamini limepita miaka 6. Nikae kimya, si limekufa?

Usikae kimya. Kosa hili huwagharimu watu wengi kuliko mengine yote.

Ukomo ni ngao, na ngao isiyoinuliwa haikingi kitu. Kanuni za mwenendo wa madai zinataka uutaje waziwazi kwenye utetezi wako wa maandishi: deni hili limepitwa na muda, malipo ya mwisho yalikuwa tarehe fulani, kesi imefunguliwa tarehe fulani. Usipoandika, hakimu hatarajiwi kukuandikia. Usipojibu kabisa, hukumu inatolewa ukiwa haupo, na deni lililokuwa halina nguvu linageuka kuwa hukumu yenye miaka 12 mbele yake.

Angalia siku ulizopewa kwenye hati, ambazo kwa kawaida ni 15 tu, na uzihesabu tangu siku uliyopokea. Kama kiasi hakizidi shilingi milioni 1, huenda kesi iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Huko mambo yanakwenda mbio, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Kama hati inatia shaka, nenda nayo Mahakama za Mombasa, uulize masijala kama namba ya kesi hiyo ipo. Karatasi za uongo zenye nembo ya mahakama zipo mitaani.

14. Naambiwa kuna hukumu ya mwaka 2015 dhidi yangu na mimi sikuwahi kuitwa.

Hukumu ina maisha ya miaka 12 tangu ilipotolewa, na riba yake haidaiwi kwa zaidi ya miaka 6. Hapo hoja ya miaka 6 ya mkataba haikufai tena. Linalokufaa ni kuiomba mahakama iitengue, ukieleza kwamba hukuletewa wito na kwamba ulikuwa na utetezi wa kweli, kwa mfano deni lilikuwa tayari limepitwa na muda siku ya kushtakiwa. Soma hati ya kiapo ya aliyesema alikuletea wito. Kama inasema alikupata Likoni mwezi ambao wewe ulikuwa Lamu, umepata pa kuanzia. Fanya haraka: kila wiki unayokaa baada ya kujua inakupunguzia huruma ya mahakama.

15. Dalali yuko mlangoni anataka kubeba vitu. Nifanye nini?

Muulize mambo mawili: leseni yake, na amri ya mahakama. Deni la kawaida lisilo na dhamana haliwezi kumleta dalali kabla ya kesi na hukumu. Akiwa na amri halali, kwanza huorodhesha vitu na kukuachia orodha, kisha una siku 7 za kulipa au kwenda mahakamani kabla havijachukuliwa. Haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza.

Kuna vitu havigusi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yako na ya familia, mapambo ambayo mwanamke hatakiwi kuyavua kwa mujibu wa dini yake, na zana unazofanyia kazi. Cherehani ya fundi nguo ni zana ya kazi. Mshahara nao, thuluthi mbili hazikamatwi.

Usipigane naye mlangoni. Piga picha karatasi zake na uende mahakamani asubuhi.

## Hali zisizo za kawaida

16. Nilimdhamini mtu miaka mingi iliyopita, yeye ametoweka.

Udhamini ni mkataba wako mwenyewe, nao una saa yake. Tafuta karatasi uliyotia sahihi, uone kama wajibu wako ulianza aliposhindwa kulipa au ulipodaiwa wewe kwa barua. Kwa sacco ni vigumu zaidi, kwa sababu akiba yako iko mikononi mwao na wanaweza kuikata bila kwenda kokote. Ukilipa kwa niaba yake, una haki ya kumdai yeye.

17. Baba amefariki, sasa wananidai mimi.

Deni la marehemu hulipwa na mali aliyoacha. Mtoto harithi deni kwa kuwa mtoto tu. Kama hakuacha kitu, sheria haikulazimishi kutoa mfukoni mwako. Mdai apeleke madai yake kwa msimamizi wa mirathi, aonyeshe ushahidi, na msimamizi naye ana haki ya kusema deni limepitwa na muda.

Wakusanya hupenda kupiga simu wiki ya matanga, wanapojua familia inataka kumpumzisha marehemu. Usikubali chochote siku hizo. Mkiwa Waislamu na mirathi iko kwa Kadhi, mpelekeni huko. Kuhusu upande wa dini, tazama swali la 22.

18. Deni ni la mume wangu. Wanaweza kunidai mimi?

Kama hukutia sahihi ya kukopa wala ya kudhamini, aliyekopesha hana mkataba nawe. Mwambie hivyo, mara moja, kisha usiendelee na mazungumzo.

19. Kuna madeni ambayo hayafuati miaka 6?

Yapo. Mkopo uliowekewa rehani ya ardhi una miaka 12, na hapo usijitibu kwa kusoma mtandaoni, tafuta wakili. Kodi ya serikali haimo kabisa kwenye ukomo huu. Mkopo wa HELB, ule wa wanafunzi wa vyuo, una sheria yake ya mwaka 1995, inayomtaka mwajiri akukate mshahara. Usikae ukihesabu miaka ukidhani utaupita. Malimbikizo ya kodi ya nyumba ni miaka 6 kama mikataba, na baada ya hapo mwenye nyumba hawezi kushtaki wala kukamata vitu kwa ajili ya malimbikizo hayo.

20. Mwenye duka wa mtaani ana daftari lenye jina langu tangu 2009.

Kisheria ni yale yale ya swali la 1. Lakini yule si mpigaji simu. Ni mtu aliyekupa unga siku huna, hakukutoza riba, na kila siku unapita mbele ya duka lake. Kwa maoni yangu huyu mlipe, hata kwa sukari kilo moja kila wiki, bila kumtajia Sura ya 22.

21. Niliacha deni la kadi ya benki nilipofanya kazi Ghuba. Wanaweza kunifuata Mombasa?

Wanaweza kumtuma mkusanya wa hapa akupigie, na maswali ya 5 mpaka 9 yanamhusu yeye pia. Hukumu ya mahakama ya huko ni jambo jingine. Kenya ina sheria ya kutambua hukumu za nchi zilizotajwa, kama Uingereza, Tanzania na Uganda. Nchi za Ghuba hazimo. Mdai atalazimika kufungua kesi hapa. Ila kabla hujapanda ndege kurudi kazini, ulizia kama kuna kesi yenye jina lako huko, kwa sababu sheria ya huko ndiyo itakayokupokea uwanjani.

22. Wahenga wamesema dawa ya deni kulipa. Na mbele ya Mungu je? Si ni dhuluma kujificha nyuma ya miaka?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mengine yote, na wanaouliza ni watu waaminifu. Mahakama ikifunga mlango, dhamira haifungwi pamoja nayo. Katika Uislamu deni la maiti hutangulia mgawo wa mirathi, na hakuna kikomo cha miaka 6 kwenye dhima ya mtu. Mkristo naye anafundishwa kulipa anachodaiwa. Kama unajua moyoni kwamba ulikopa na hukulipa, na sasa Mungu amekupa, lipa.

Lakini lipa kile ulichokopa, kwa yule uliyekopa kwake. Ile mia tano isingemtoa mama yangu kwenye dhima ya mwenye duka. Ingeingia kwenye simu ya kijana asiyemjua. Na riba iliyorundikwa juu ya mtaji mara tano, hiyo ina hukumu yake katika dini hiyo hiyo. Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai ampe nafasi mdaiwa aliye na dhiki mpaka apate wepesi. Wanaokuogopesha kwa Mungu ili ulipe leo saa sita mchana hawaitaji aya hiyo. Kaa na imamu au mchungaji unayemwamini, upange, kisha ufuate utaratibu wa swali la 11.

23. Sina pesa ya wakili. Nani atanisaidia hapa Mombasa?

Kituo Cha Sheria kina ofisi Mombasa na husaidia watu wasio na uwezo bila malipo. Ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Usiende mikono mitupu. Beba nakala ya kitambulisho, daftari la simu, picha za ujumbe, stetmenti au risiti ya mwisho, na kila karatasi uliyoletewa pamoja na bahasha yake, kwa kuwa tarehe ya kupokea nayo ni ushahidi. Na kama karatasi hizo ni za mahakama, nenda leo, hata kama foleni ni ndefu.